Wudi namba tatu niliyoirudisha

Ndugu yangu nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa klabu ya gofu. Soma tu, usicheke.

Si unajua baba mkwe mtarajiwa alinialika tucheze? Shimo la kwanza tu, njia nyembamba, bwawa mkono wa kushoto. Unanijua mimi na draiva, ile fimbo kubwa kuliko zote, mpira unafika mbali lakini unakwenda unakotaka wenyewe. Kwa hiyo nikachomoa fimbo ndogo kidogo, wudi namba tatu. Haifiki mbali sana, ila inanyooka.

Mzee akaitazama. "Mwanangu, hiyo ndiyo uliyochagua?"

Basi. Nami nikairudisha kwenye mfuko, nikachukua draiva. Kwa swali tu jamani!!

Mpira bwawani, puu! Bata wakatimka.

Yeye sasa akachomoa nini? Wudi namba tatu! Mpira ukatua katikati ya njia kama umewekwa kwa mkono.

Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa: "Ulikuwa umechagua vizuri. Nimeuliza tu, umebadilisha. Siku ndugu zako wakimsema binti yangu, utasimama upande gani?"

Upande gani!! Na mchumba wangu yuko nyuma yetu, kasikia yote. Nikamtazama anitetee, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Ngoja, mama anapiga.

Nimerudi. Anasema ile nyumba tuliyopata ya kupanga tuachane nayo, tukishaoana tuhamie kwake.

Nimemwambia sawa.