Kura za Ng'ambo ya Daraja

Kaka mpendwa,

Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua. Umeuliza kama tunataka majeshi ya kigeni yaendelee kukaa. Nikueleze siku ya uchaguzi shuleni kwetu, nilikosimamia kituo cha kura mimi.

Upigaji kura ulipokwisha, kapteni wa majeshi hayo alitaka askari wake ndio wahesabu. Seremala, wakala wa chama cha ng'ambo ya daraja, alikataa. "Leo mtatuhesabia, kesho mtatuchagulia."

Shemeji yako, wakala wa chama chetu, akamwambia, "Na ukihesabu wewe, fundi, mimi nitabaki na kura mbili, yangu na ya mke wangu."

"Ya mkeo una hakika nayo?"

Tulicheka wote. Mwishowe tukakubaliana kila mmoja asome kwa sauti kura za mwenzake, na askari wakae getini. Tulishindwa kwa kura kumi na moja. Shemeji yako ndiye aliyezisoma, na akatia sahihi.

Nje, vijana wetu walikuwa wanamsubiri seremala. Shemeji yako alikataa gari la jeshi, akamshika mkono, wakavuka daraja kwa miguu. Askari waliwafuata kwa mbali. Bila bunduki zile nadhani wasingefika. Lakini zingekuwa darasani, hakuna ambaye angetia sahihi. Hilo ndilo jibu langu.

Alirudi kabla ya giza, shati limechanika begani. Sijamuuliza lilichanwa upande gani wa daraja.

Wifi na watoto nawasalimu.

Dada yako