Diski Niliyoipakata Kutoka Nairobi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Ungekuwa hai ningekupigia simu, na najua ungeniuliza kwanza, "Nani mwingine ako na ufunguo?" Hukumwamini mtu wewe. Pale sokoni Ikutha, kabla ya kununua ndengu, uliingiza mkono ndani ya gorogoro ya muuzaji, ule mkebe wa kupimia, ukapapasa kitako kisije kikawa kimebonyezwa ili upunjwe. Mimi nilisimama kando nikitamani ardhi ipasuke.

Wiki iliyopita, mama, niliangaliwa mimi kwa jicho lako lile.

Hospitali ndogo ninayotunzia kompyuta huku Mtito Andei ilihitaji diski kubwa ya kuhifadhi picha za eksirei. Nikatumwa Nairobi, nikaileta nimeipakata ndani ya basi. Hata tuliposimama kula sikuiacha. Imeandikwa terabaiti nne, ndiyo nafasi yake. Nikaifunga kwenye seva, nikaanza kuweka mfumo mpya, na nilipofika mahali pa kuigawa diski, skrini ikaonyesha mbili tu.

Meneja alikuwa nyuma yangu.

"Na hizo zingine mbili? Si ni wewe ulibeba hii kitu?"

Nikasema sijui, na hilo ndilo lililoniponza. Alifunga chumba cha seva, akatia ufunguo mfukoni. Jioni askari wa getini, tunayetaniana naye kila siku, akakagua mkoba wangu mpaka ndani ya mkebe wa chakula. Nami nikaanza kumshuku mwenye duka, fundi wake, hata abiria niliyekaa naye. Niliogopa, mama. Niliona kazi inakwenda, na jina langu nalo.

Asubuhi nikafanya ulivyofanya wewe: nikaacha kutazama ndengu, nikapapasa mkebe. Nikamwita meneja afungue chumba, aketi aone. Kumbe jedwali la kugawia diski nililochagua, ile orodha inayoionyesha kompyuta mipaka ya nafasi, lilikuwa la zamani, lisiloweza kuhesabu zaidi ya terabaiti mbili. Nikalifuta, nikachagua jipya liitwalo GPT. Nne zote zikatokea.

"Sawa," akasema. "Endelea." Akatoka.

Nikamkumbuka yule mama muuza ndengu wa kilemba cha kijani. Ulipapasa gorogoro yake, ukakuta kitako kiko sawa. Ukamshika mkono mbele ya watu wote: "Nilikuwa nimekushuku. Ni mimi nimekosa." Akacheka, akakuongezea konzi nzima. Siku hiyo nilikuonea aibu mara mbili. Leo ningetoa chochote nisikie maneno yale.

Diski inafanya kazi, picha zinaingia. Askari bado anafungua mkoba wangu kila jioni, maana hakuna aliyemwambia aache. Siku hizi naupanga vizuri kabla ya kutoka, ili asihangaike.

Pumzika, mama.

Ni mimi kifungua mimba wako, niliyekuwa nikijificha nyuma yako sokoni.