Mfereji, Kizimba na Vitumbua vya Shangazi

Jumamosi, jioni. Mvua ya mchana imekatika alasiri na jua limetoka kali, jambo baya kabisa kwa mtu anayeishi karibu na kizimba cha taka msimu wa maembe.

Leo nimechefukwa. Tumbo na roho.

Kizimba chetu kimejengwa mpakani, juu ya mfereji unaotenganisha mtaa wetu na mtaa jirani. Gari la taka halijaja tangu maembe yaanze kuiva, kwa sababu kila mtaa unasema kizimba ni cha mwenzake, na atakayekubali kuwa ni chake ndiye atakayetakiwa kuliita gari. Basi kimefurika. Maganda, makokwa, pampasi, yote yamelowa na kuvuja maji ya kahawia, na funza wanatambaa hadi barabarani bila haraka yoyote.

Asubuhi tulifanya usafi wa mtaa. Tulifagia taka zote tukazisukuma ng'ambo ya mfereji, tukapongezana. Tulipokwenda kunawa, wenzetu wa ng'ambo wakatoka na mafagio yao wakazirudisha. Watu wazima, wengine wana wajukuu! Hata aibu hawakuona.

Wala sisi.

Baadaye kamati za mazingira za mitaa yote miwili zikakaa kikao cha pamoja. Mimi ni mjumbe, na nilikwenda kwa ajili ya Shangazi Zaituni, dada yake baba, anayeuza vitumbua jirani kabisa na kizimba. Alikuwa pale kabla kizimba hakijajengwa, na abiria wa kwenda Sikonge walikuwa hawapandi basi pale kituoni bila kupitia kwake. Siku hizi wanapita wameziba pua.

Wakabishana weee, kama mpaka wa mitaa unapita katikati ya mfereji au ukingoni. Mwenyekiti wa ng'ambo akapendekeza iundwe kamati ndogo ikapime mfereji. Kupima mfereji! Nikashindwa kuvumilia, nikasimama.

"Ndugu wajumbe, nzi wanatoka kizimbani wanatua kwenye vitumbua vya shangazi yangu. Mnasubiri watu waharishe ndipo muite gari?"

Kimya. Nikadhani yamewaingia.

Mwenyekiti wetu akamgeukia bwana afya aliyealikwa kikaoni. "Kumbe kuna mtu anapika chakula pale?"

"Hairuhusiwi kabisa," bwana afya akajibu.

Kwa mara ya kwanza mitaa miwili ikakubaliana. Mikono yote ikapanda juu isipokuwa wangu: Shangazi aondoke pale kuanzia kesho. Kizimba kitajadiliwa kikao kijacho. Kazi ya kumwambia nikapewa mimi, kwa kuwa ni ndugu yangu, na mwenyekiti akanishukuru kwa kuibua hoja. Nilitamani nimtapikie viatu.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anacheka.

"Nasikia leo umewasema mpaka wakanyamaza! Sasa gari litakuja, mwanangu. Wateja watarudi."

Akanipa kitumbua cha moto. Nyuma yake niliona ameloweka mchele wa kesho, mara mbili ya anaoloweka siku zote.

Nikala. Nikaaga bila kumwambia neno.

Harufu inaingia mpaka chumbani ninapoandika. Alfajiri nitamkuta ameshawasha jiko, unga umeumuka, ananisubiri mimi niwe wa kwanza kuonja.

Nitaanzia wapi?