Mashine ya Baba, Kibuyuni

Dada Mwanaisha, shikamoo.

Nimeikuta mashine ya mvuke ya marehemu baba. Haina pistoni: mvuke ulisukuma bapa lililo ubavuni mwa pipa la shaba, pipa likazunguka. Boila limeoza, bomba limeangukia pango la bahari. Nilipoweka spana nikufungulie pipa uliloniagiza, likaanza kuzunguka lenyewe, likihema.

“Maji yanajaa pangoni, yanasukuma hewa ndani ya bomba hadi kwenye pipa,” nikamwambia jirani, Bi Saumu.

“Nani amekataa? Lakini umeingia kwa baba yako bila hodi. Huko ughaibuni hamna milango?”

Nikapiga hodi. Pipa likasimama papo hapo, na maji bado yanajaa. Sikuthubutu kungoja kuitikiwa.

Nisamehe, dada, nakuletea sabuni ya mwani tu. Mola akutunze.

Nduguyo, Omari