Urefu wa Mpini

Makambako, 20 Mei 2020

Baba,

Kamwene. Shikamoo, wewe na Mama. Sisi wazima, kikohozi hakuna, na kunawa tunanawa mpaka ngozi inachubuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na nikipaza sauti mtaa mzima unajua shida zangu. Barua hii anakuletea Timoth, dereva wa basi la Kosta.

Shule zimefungwa tangu Machi. Niliwaahidi Beatha na Hilari kwamba Juni tutakwenda Dar es Salaam waione bahari. Sasa madereva wa malori wamekwama Tunduma, masufuria kwenye kibanda changu cha chakula yanashinda yamefunikwa, na Dar yenyewe watu wanaiogopa. Beatha ameacha kuniuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi nimepanga likizo ya siku nne huko huko Njombe, tuone maporomoko ya Ruhuji na mashamba ya chai, tulale kwako kijijini Yakobi. Najua miaka kumi na miwili sijakanyaga hapo, na unajua kwa nini. Kama hutaki, niambie mapema, nisiwaahidi watoto hewa mara ya pili.

Binti yako,
Lucia

Yakobi, 27 Mei 2020

Mwanangu Lucia,

Marahaba. Kamwene. Sisi tupo, mama yako magoti, mimi masikio, mengine Mungu anayashughulikia. Mlangoni nimeweka ndoo na sabuni, hata mchungaji ananawa ndipo aingie.

Hayo maporomoko yamenichekesha. Miaka arobaini nayapita nikienda mjini, wala sikujua kuna watu wanayafungia safari. Haya, njooni.

Niletee urefu wa kila mmoja wenu. Pima kwa kamba, ufunge fundo.

Baba yako,
Nahumu

Makambako, 6 Juni 2020

Baba,

Shikamoo. Tumeamka salama, baridi tu ndiyo inatuonea, na naona urefu umeuulizia kwa ajili ya blanketi. Fundo la chini ni Hilari. La juu ni Beatha, ila alisimama kwa vidole, kwa hiyo punguza kidogo.

Mume wangu Tarsis haji. Anasema atalinda kibanda, ambacho hakina hata cha kuibiwa. Acha niseme ukweli. Tulipokuja baada ya kufunga ndoa kwenye kanisa lao la Roma, ulimpa kiti, ukamchinjia kuku, na siku tatu ukamzuia asiguse jembe. Yeye alirudi anajisifu alivyopokelewa na mkwe. Mimi niliyezaliwa humo ndani nilijua kwamba kwetu anayeketishwa ni mgeni, na mtoto wa nyumbani hupewa jembe. Nilimweleza njiani tukirudi. Hataki kuketishwa tena, na mimi sitaki aketishwe.

Binti yako,
Lucia

Yakobi, 9 Juni 2020

Mwanangu,

Kamwene. Salamu ni fupi, Timoth anapiga honi.

Blanketi zipo, sikuuliza habari za blanketi. Nachonga mipini. Juni tunalima vinyungu, bustani zetu za bondeni, au umesahau? Mpini wa Hilari uko tayari. Wa Beatha nimeuacha mrefu kidogo, maana anayesimama kwa vidole anataka kukua. Jembe lako halijatoka mahali pake. Mama yako hulipaka mafuta lisishike kutu, na mimi hujifanya sioni.

Mwaka ule nilijua ninachofanya. Ulikuwa umeliacha kanisa letu la Kilutheri na nilikuwa na hasira, nikamketisha mwenzako mbele ya ndugu zangu wote. Nilimkosea, na wewe nilikukosea. Naandika kwa mkono wangu ili usije ukasema sikusema.

Kamba ina mafundo mawili. Lete la tatu. Mpini wa mtu mzima siukisii kwa macho.

Baba yako,
Nahumu

Makambako, 22 Juni 2020

Baba,

Shikamoo kwako na kwa Mama. Tumefika salama, mgongo tu ndio unalalamika.

Hilari bado anauliza nani huyafunga maporomoko watu wakienda kulala. Beatha amekuwa hashikiki. Watoto wa jirani waliowahi kufika Dar walianza kumringia na bahari yao, akawauliza wamewahi kulima matuta sita kabla ya chai.

Na Tarsis! Malori mawili yamerudi, na kabla madereva hawajaagiza ugali amekwisha kuwanyooshea viganja waone malengelenge. Wanadhani ameumia. Anawaambia, "Mkwe wangu hakunipa hata pa kukaa." Wanampa pole, naye anacheka mpaka anapaliwa.

Baba, najivuna. Najivuna na watoto wangu, na mume wangu, na wewe, uliyesimama bondeni na barakoa ya kitenge ukimwambia mbele ya ndugu wale wale kwamba tuta lake limepinda, alirudie.

Anauliza kama jembe lake limebaki nje. Anahofia umande.

Binti yako,
Lucia

Yakobi, 26 Juni 2020

Wanangu Lucia na Tarsis,

Kamwene. Sisi wazima, na nyumba imekuwa kimya mno.

Jembe liko ndani, limeegemea langu. Mwambie mbegu za viazi zimefika, na matuta yake yanamsubiri. Asichelewe.

Baba yenu,
Nahumu