Samaki ya Geneviève

Baba Osée,

Samaki iko ndani ya sufuria ndogo, pamoja na mboga ya lenga-lenga. Bugali iliyofunikwa ni ya watoto, usiifunue.

Nimetangulia kwenda masomo ya jioni. Sikukuaga kwa sababu bado nina hasira.

Asubuhi, kwenye kituo cha afya, muuguzi aliposema sukari yako imeshuka, nilitaka kupiga magoti palepale. Akanipongeza: «Mama, unamlisha vizuri.» Na weye ukacheka: «Hapana, ni samaki ya Geneviève. Kila mchana nakula kwake, bila bugali.»

Mbele ya watu! Mimi nilipoondoa bugali ulisema mwanaume asiyekula bugali hajala. Ulimwita hata kaka yako aje kutuamua. Lakini kwa mjane anayeuza samaki sokoni unakula majani kama mbuzi, tena unashukuru. Na mimi nikiona shati inakulegea, nadhani ni maombi yangu.

~~Usiku pia ukale kwake.~~ Hapana. Kula hapa. Nimetia limau na pilipili, nimeonja mara nyingi. Kama ya kwake ni tamu zaidi, uniambie polepole, watoto wasisikie.

Dawa ni baada ya chakula. Osée akuangalie miguu kama iko na kidonda. Funga lango mapema, hata kama wanasema ni amani.

Kwa sukari iliyoshuka nimemshukuru Mungu kwa moyo wote. Geneviève nitamshukuru pia, Mungu akinisaidia. Leo siwezi.

Mama Osée