Uji wa Shabani

Jumatatu, 1 Julai

Asalam aleikum. Hapa nyumbani Buzebazeba wote hatujambo. Mimi sijambo, ila goti. Bi Tatu, shangazi yake marehemu mume wangu, hajambo, macho hayaoni ila masikio yapo. Binti yangu Mwajuma hajambo. Mjukuu wangu Rehema hajambo, yuko kidato cha pili. Mbuzi naye mzima.

Najua hii si barua. Kule kisomo cha watu wazima walitufundisha kuandika barua, kingine sijui kinaanzaje.

Toka asubuhi nachemsha mawese. Ziwa limefungwa, serikali imesimamisha uvuvi, dagaa hakuna, vichanja vya kuanikia vyote vitupu. Mikono inanuka mafuta hadi kwenye daftari.

Mwanangu Shabani hajapiga simu. Hupiga kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa mbili zimepita. Alisema atakuja ziwa likifunguliwa, ale samaki wetu, migebuka. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa. Akasema ni baridi. Baridi gani, na kule Ubelgiji sasa ni kiangazi.

Jumatano, 3 Julai

Mama Zaituni wa jirani kapita na ndoo yake. "Mwanao wiki hii kafa wapi?" Ndiyo salamu yake. Nikamwambia yuko mapumzikoni. Kacheka, nami nikacheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa.

Shabani ni mwanangu wa kwanza. Miaka ishirini na mbili yuko Ubelgiji. Alikwenda na kikundi cha ngoma na maigizo, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Kazi yake kuigiza. Si wale wakubwa. Ni wale wa pembeni. Mbeba mizigo. Mlinzi wa geti. Mwizi. Mkimbizi. Askari wa nchi isiyo na jina. Na mara nyingi anakufa. Wanamuua mapema, hujaketi vizuri. Mwaka mmoja alikuwa jukwaani, majira yote ya baridi akafa kila siku isipokuwa Jumatatu, siku yao ya mapumziko.

Mimi sipendi. Kujilaza ukajifanya maiti ni kuyaita mauti. Kwa hiyo kila akifa kwenye picha napika uji wa mchele na nazi, watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani, wanakuja na vikombe vyao, wanaomba dua, balaa linaondoka. Ile ya jukwaani nilipika mara moja kwa zote. Sukari isingetosha.

Yeye hucheka. Huniambia, "Mama, kufa ndiyo kazi niliyopata." Halafu huuliza nampa maksi ngapi. Kwa sababu mimi naosha maiti za wanawake mtaani hapa, mwaka wa thelathini huu. Najua maiti ilivyo. Yeye tumbo linacheza. Kope zinacheza. Sijawahi kumpa zaidi ya sita kwa kumi.

Ijumaa, 5 Julai

Hajapiga. Nilikaa na simu mapajani hadi alasiri. Bi Tatu kaniambia niiweke chini, simu haiatamiwi.

Jumapili, 7 Julai

Afadhali. Leo nimemwona.

Rehema kaja mbio na simu, kuna mtu karusha picha yake huko mitandaoni. Shabani yuko kitandani hospitali. Kanyolewa kichwa, kakonda, mdomo umekauka. Anasema maneno machache ya Kifaransa, anapumzika, anasema tena. Chini kuna maandishi yao. Halafu anafumba macho, picha inakwisha.

Nilitazama mara nne. Hii ndiyo kazi. Pua imechongoka vile vile kama ya mtu anayekata roho. Hata kucha wamezipaka buluu. Nilimwambia Rehema hapa mwanangu kaiva. Mama Zaituni kaitazama naye, kasema Wazungu wana ufundi, mtu mnene vile wamemkondesha.

Nikapika uji. Watoto walikuwa wengi. Dua ikasomwa. Nikamtumia sauti yangu kwenye simu. Nikamsalimu, nikamtajia wote wa nyumbani, hata mbuzi. Nikamwambia, leo umekufa vizuri mwanangu, leo nakupa tisa. Unijibu upesi.

Moyo mwepesi. Kwa hiyo alikuwa kazini.

Jumanne, 9 Julai

Alama mbili za sauti yangu kwenye simu zimegeuka buluu. Kasikiliza. Hajajibu.

Usingizi ulikuwa mbaya. Kuna kitu nilikiona kwenye ile picha na sikijui.

Jumatano, 10 Julai

Nimekijua. Nilikuwa nachuja mawese nikaacha sufuria hapo hapo.

Tasbihi. Pembeni ya mto, kitandani, ipo tasbihi ya baba yake. Ina shanga moja nyekundu, niliitunga mimi ile ya asili ilipopotea. Nikamwita Rehema tuitazame tena. Ipo.

Shabani mwenyewe alinieleza zamani. Kwenye kazi huvuliwa kila kitu. Saa, pete, hata hirizi. Hawakuruhusu kubaki na chako. Unavaa cha kwao.

Sikumwambia Rehema. Nikamwambia goti linauma.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda kwa fundi cherehani Nestori. Ni Mrundi, anasoma Kifaransa. Nikamwomba anisomee yale maandishi ya chini. Akasoma yote. Akasimamisha cherehani. Akamwambia mteja wake atoke kidogo.

Si picha ya kuigiza. Wenzake wa jukwaani ndio wameitoa. Wanasema anaumwa mapafu, tangu mwaka jana. Wanamuaga. Shabani mwenyewe anawashukuru watazamaji, anasema alikufa mbele yao mara nyingi na wao hawakuchoka kuja.

Nestori akasema, "Mama, pole. Nilidhani unajua."

Nimempa tisa. Mwanangu anakata roho nami nimempa tisa. Nimepika uji, nimecheka na jirani. Mimi muosha maiti.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepiga simu yake mara sijui ngapi. Inaita tu.

Mwajuma analia jikoni. Nimemwambia asimwambie Bi Tatu. Bi Tatu kashajua, kaacha kula.

Jumamosi, 13 Julai

Kapiga mtu. Anaitwa Deo, Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu hapa. Wameigiza pamoja miaka mingi. Anasema kwenye picha wawili wakitakiwa kufa, basi ni wao.

Kasema, "Mama, sauti yako aliisikia. Nilimuwekea kwa sikio, mara tatu. Alicheka kabisa, mpaka nesi akakuja. Akaniambia, ona, leo mama amenipa tisa."

Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Kasema alikataa. Alisema mama asijue mpaka nipone, au basi. Na baada ya ile sauti akakataza zaidi. Alisema, mwache na furaha yake.

Kisha Deo kamwekea simu. Nilisikia pumzi. Naijua pumzi ile. Inavuta ndefu, inakaa, unadhani imekwisha, inarudi. Nikamwambia Shabani, ni mama. Nikamtajia wote. Mimi hapa. Bi Tatu. Mwajuma. Rehema. Maneno mengine yakaniishia nikarudia tena kuwataja. Nikamsomea shahada polepole, neno neno, nikasubiri katikati. Sijui kama alifuata.

Maksi sikuzitaja.

Jumatatu, 15 Julai

Shabani amefariki jana alfajiri. Inna lillahi.

Watazika huko huko. Nyumba imejaa. Wameweka mikeka hadi nje. Mama Zaituni kafika wa kwanza, kanikamata mkono, akaninong'oneza, "Bibi, hii ni ya kweli?" Aliogopa kuuliza, nilimwona. Nikamwambia ni ya kweli. Akakaa chini pale mlangoni, mlangoni kabisa, watu wakawa wanamruka.

Wengine wameuliza hivyo hivyo kwa macho.

Jumatano, 17 Julai

Hatujambo. Watu wamepungua. Bi Tatu amekunywa chai.

Asubuhi nilisikia vikombe. Watoto wa chuoni wamesimama uani, kumi hivi. Hakuna aliyewaita. Wamesikia Shabani amekufa, wakaja na vikombe vyao kama siku zote. Mwajuma akataka kuwafukuza. Nikamkataza. Nikakoka moto, nikakuna nazi, nikapika. Wakanywa, wakaomba dua, wakaenda zao.

Kisha nikamtumia Deo sauti. Nikamsalimu, na mkewe, na watoto wake ambao siwajui. Nikamwambia ile tasbihi naitaka, lakini haina haraka. Ninachotaka kujua ni kingine. Nani alimuosha. Watu wa msikiti, au wale wa hospitali tu. Waliminya tumbo taratibu au kwa nguvu. Kama alilazwa ubavu wa kulia. Na maji, kule kwenye baridi, kama waliyapasha kwanza yakawa vuguvugu.

Nikamwambia anijibu upesi. Simu nimeiweka juu ya kabati, pale inaposhika mtandao.